Takriri ya Mburahati: singeli, Neu! na MC aliyeachwa stendi

Mwaka 1973 Wajerumani wawili, Michael Rother na Klaus Dinger, waliishiwa hela wakiwa katikati ya kurekodi albamu yao ya pili. Kundi lao liliitwa Neu!, na hiyo alama ya mshangao ni sehemu ya jina. Upande wa kwanza wa santuri ulikuwa tayari, upande wa pili ulikuwa mtupu. Wakachukua singo yao iliyokwisha kutoka, yenye nyimbo mbili tu, wakaipiga kwa kasi isiyo yake, mara mizunguko 78 kwa dakika, mara 16, wakarekodi kilichotoka na kujazia nafasi. Walioinunua wengi waliona wametapeliwa. Leo upande huohuo wa pili unatajwa kila mara watu wanapozungumzia historia ya remiksi.

Sasa njoo Dar es Salaam, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Singeli, kwa jinsi wenyewe wanavyoisimulia, imezaliwa kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, kwa maeneo kama Manzese, Tandale na Mburahati. DJ alichukua kipande cha wimbo wa taarabu, mara nyingi pale ala zinapochanganya na mwimbaji amenyamaza, akakikata, akakirudiarudia bila kukoma na kukipandisha kasi kwenye kompyuta. Kisha MC akashika maiki. Kuleta bendi nzima na ala zake ni gharama. Kompyuta moja iliyochoka yenye programu ya Virtual DJ ni nafuu, na spika unakodi.

Sidai kwamba kuna mtu Mburahati aliwahi kuisikia Neu!, wala haihitajiki. Ninachodai ni kwamba ukata uleule ulizaa mbinu ileile, na kwamba mbinu hiyo ina jina ambalo wapenzi wa fasihi tunalijua tangu kidato cha tatu: takriri. Wenzetu wa muziki wanasema lupu. Ni neno au kipande kinachorudiwa mpaka kinaacha kuwa taarifa na kinakuwa kitu kingine. Swali langu ni moja. Wakati dunia ilipoipokea takriri ya Mburahati, ilipokea nini hasa, na nini kiliachwa stendi?

Kwanza ukoo wenyewe, kwa ufupi, maana si wote tunaofuatilia mambo haya. Krautiroki ni jina ambalo waandishi wa Uingereza waliwabandika vijana wa Ujerumani Magharibi wa miaka ya 70, Can, Faust, Neu!, Kraftwerk na wenzao. "Kraut" lilikuwa neno la kuwakejeli Wajerumani, kwa hiyo wenyewe hawakulifurahia sana, na Faust walilijibu kwa kuuita wimbo wao mmoja wa mwaka 1973 jina hilohilo. Waliondoa vitu vingi kwenye roki ya Kimarekani, wakabakiza pigo moja lililonyooka kama barabara ya Chalinze. Sikiliza "Hallogallo" ya Neu! ya mwaka 1972. Ni dakika kumi, ngoma haibadiliki, gitaa linapita juu yake kama mawingu. Waandishi waliliita pigo lile kwa neno linalokumbusha injini ya gari. Dinger hakulipenda jina hilo. Mwenyewe alipendelea picha ya mstari mrefu ulionyooka.

Kraftwerk, ambako Rother na Dinger walipita kidogo kabla ya kuanzisha lao, walikwenda mbali zaidi na mashine. Muziki wao ukavuka bahari, ukafika Detroit, ukasikilizwa redioni na vijana weusi wa Marekani kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Hao ndio waliotupa tekno. Jina lenyewe lilienea duniani kupitia santuri ya mkusanyiko iliyotolewa Uingereza mwaka 1988. Baadaye Robert Hood, naye wa Detroit, akaupunguza tena muziki huo mpaka ukabaki mifupa, kwenye Minimal Nation ya mwaka 1994. Berlin, wakati huo, ukuta ulikuwa umeshaanguka, na klabu ya Tresor ilikuwa imefunguliwa tangu 1991 ikiipigia Ujerumani muziki wa Detroit uliotokana kwa sehemu na Ujerumani. Mzunguko umekamilika, si ndiyo?

Basi mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati. (Jina la lebo hiyo kwa Kiganda linahusu hamu ya kucheza isiyozuilika. Kwa Kiswahili sote tunajua linahusu hamu ipi, na bado sijapata namna nzuri ya kulitamka mbele ya mama mkwe.) Tangu hapo kila mhakiki wa Ulaya aliyeandika kuhusu singeli ameikaribisha mezani kwa ndugu zake wa tekno. Wengine wamesema ndiyo muziki wenye kasi kuliko wote duniani. Mapigo 200, 250, hata 300 kwa dakika.

Kusema ukweli, wageni hawa walisikia kitu ambacho sisi wa hapa tulikuwa hatujakisikia. Sisi tulikuwa tunasema kelele. Gazetini singeli ilikuwa habari ya polisi, kigodoro fulani kimezuiwa, watoto hawalali, maadili yameporomoka. Hata tulipoanza kuipenda, baada ya redio kama EFM kuipa muda hewani na Man Fongo kuteka mji mwaka 2016, tuliipenda kama burudani ya kutikisia mabega. Hakuna aliyekaa chini akauliza imejengwaje. Wao waliuliza.

Nami nikakaa na Poaa ya Bamba Pana, ya mwaka 2018, wiki nzima, kwa sikio hilo la kuuliza. Cha kwanza kinachokushangaza ni uchache wa vitu. Ukizoea kuambiwa kwamba singeli ni fujo, unatarajia msongamano wa Kariakoo siku ya sikukuu. Kumbe kuna ngoma, kuna kipande kifupi cha kinanda au cha sauti iliyokatwa, mara nyingi hakifiki sekunde tatu, basi. Kipande hicho kinarudi. Kinarudi tena. Baada ya muda kinapunguzwa nyongeza moja, au ngoma moja inahamishwa mahali, na kwa sababu kila kitu kingine kimesimama palepale, badiliko hilo dogo linakupiga kama mlango uliofunguliwa ghafla. Huo ni uhaba wa makusudi. Robert Hood angeutambua bila kufafanuliwa. Jina la wimbo mmoja humo ni "Biti Three", yaani biti namba tatu. Mtu aliyeona kwamba jina linalotosha ni namba ya faili ana akili ya fundi ninayoiamini.

Halafu kuna suala la kasi, na hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea. Kiuno cha binadamu hakiwezi kufuata mapigo 250 kwa dakika. Nenda kwenye kigodoro chochote uangalie. Wacheza singeli wazuri hawakimbizani na ngoma. Wanaigawa, wanacheza kwenye nusu yake, taratibu kabisa kwa chini, huku juu mabega yakishika ile kasi ndogondogo. Nusu ya 250 ni 125. Hiyo ndiyo kasi ya kawaida ya tekno. Yaani ndani ya muziki unaosemwa kuwa wa haraka kuliko yote mna muziki mwingine unaotembea, na mchezaji ana ruhusa ya kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine apendavyo. Zile mbio za juu, ukizisikiliza kwa muda, zinaacha kuwa mapigo na zinakuwa kama mvua juu ya bati, unaisikia yote kwa pamoja. Wajerumani wa miaka ya 70 waliitafuta hali hii kwa dakika kumi za pigo moja. Hapa dakika tatu zinatosha.

Mpaka hapo nakubaliana na wageni. Tunapoachana ni hapa.

Mimi naishi Chamazi. Wanaoifahamu wanaijua kwa uwanja wa Azam, au kwa foleni ya kutoka Rangi Tatu jioni. Kigodoro kikipigwa upande wa Mbande, usiku, kinachonifikia kwanza ni besi. Ukuta wa tofali unachuja kila kitu kingine. Nikiwa kitandani nasikia takriri tupu, pigo na kivuli cha kinanda, na kwa umbali huo naapa ni tekno. Ungenifumba macho ukaniambia niko Berlin ningebisha kwa sababu ya mbu tu. Nikitoka nje nasikia kuna mtu anaongea. Nikifika barabarani nasikia ni mtu anayeongea kwa vina. Nikifika kwenye turubai, biti imeshuka daraja, imekuwa mkeka, na aliyekaa juu ya mkeka ni MC. Anawataja waliohudhuria, anamchokoza bwana harusi, anawapa vijana wa kona ile salamu zenye kisu ndani, anasimulia maisha yanavyombana, anacheka. Watu wanamjibu. Kuna wanaosimama kumtunza kwa sababu ya mstari mmoja.

Ulaya imeisikiliza singeli kutoka kitandani Chamazi. Namaanisha kwa umbali ule ambapo maneno hayavuki ukuta. Ukuta wao ni lugha, na siwalaumu kwa kutojua Kiswahili. Ila umbali huo umeanza kuamua nini kirekodiwe na kiuzwe. Ukizipanga zile albamu zilizosafiri utaona. Sounds of Sisso ina ma-MC kwenye baadhi ya nyimbo. Poaa kwa sehemu kubwa ni biti tupu, na Makaveli anapoingia na sauti yake anaingia kama mgeni kwenye nyumba ambayo kwa haki ilikuwa ya kwake. Uingizaji Hewa ya Duke, ya mwaka 2019, inawarudisha watu maikini, MCZO akiwa mmoja wao. Halafu Mr Mixondo ya DJ Travella, 2022, kijana mwenye ubunifu wa kutisha, ni mashine. Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko, 2024, pia ni mashine, milio ya kuchekesha kama mchezo wa video uliopata wazimu. Naipenda sana. Lakini mtu akianzia hapo, hatajua kwamba singeli ina maneno.

Mtu atasema, sasa kuna ubaya gani? Mbona Detroit nao waliondoa mwimbaji? Kweli, ila waliondoa wenyewe, kwenye muziki wao. Sauti ya binadamu iliyopotea kwenye tekno ilipotea kwa sababu Atkins na wenzake walitaka kusikia mashine ikiota ndoto. Mburahati haijaondoa MC. Usiku huu, Jumamosi yoyote ile, MC yupo kazini. Biti tupu ipo pia, ndiyo, fundi anaitengeneza kwanza na DJ anaichezea, na ina heshima yake. Lakini imetengenezwa ikiwa na kiti kitupu katikati. Ile nafasi unayoisikia kwenye Poaa, ule uhaba niliousifu hapo juu, sehemu yake ni ya makusudi ya sanaa na sehemu yake ni kiti cha MC ambaye hakuletwa. Mhakiki anayesifu utupu wa kiti bila kujua ni kiti anahitaji kuambiwa na mtu anayejua Kiswahili. Na sisi tunaojua Kiswahili tumekaa kimya.

Hapo ndipo lawama yangu inaporudi nyumbani. Tumeshindwa hata kuandika mambo ya wazi kabisa. Chukua jina la ule wimbo wa Man Fongo, "Hainaga Ushemeji". Neno moja pale, hainaga, lingetosha semina nzima. Kile kiambishi -ga cha mazoea ambacho kimeingia kwenye Kiswahili cha mitaani kutoka lugha zetu za bara, ambacho mwalimu wa sarufi anakichora kwa kalamu nyekundu, kimekaa kwenye jina la wimbo ulioimbwa na mji mzima. Kiswahili sanifu kingesema "huwa haina", maneno mawili, mwendo wa kuchechemea. Hainaga ni silabi nne, na inabeba uzoefu mzima wa mtu aliyeona mambo hayo mara nyingi na hashangai tena. MC alihitaji silabi hizo kwa sababu kasi haimpi nafasi ya tano. Kasi inafinyanga sarufi. Hili ni jambo la fasihi, na la kusisimua, na limepita mbele yetu huku tukijadili maadili.

Au chukua takriri yenyewe. Kwenye shairi la kimapokeo kibwagizo kinarudi mwisho wa ubeti, unapumua, unaendelea. Kwenye singeli biti tayari inarudia kila sekunde mbili. MC akirudia neno juu ya kitu kinachojirudia, neno hilo halipumziki. Linasagwa. Akilirudia mara tatu ni msisitizo, mara nane ni utani, mara ishirini linaanza kupoteza maana na kugeuka ngoma, na MC mzuri anajua aliache lini ili maana irudi kwa kishindo. Msaga Sumu, anayeitwa mfalme wa singeli, ana sikio la hatari kwa jambo hili. Mafumbo yenyewe yametoka kwenye mipasho ya taarabu, kama biti ilivyotoka kwenye taarabu. Ni urithi mmoja uliogawanywa mara mbili, ala zikaenda kwa DJ na ulimi ukaenda kwa MC.

Na usiniambie haiwezekani kuusafirisha ulimi. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, muziki wa uswahilini wenye asili ya ngoma za Wazaramo, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyosukumwa kwenye spika mpaka vinalia kama mbuzi. Jagwa Music waliupeleka mbali. Albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa mwaka 2012 na Crammed Discs ya Ubelgiji, na humo mwimbaji yuko mbele, anapiga kelele kama yuko uani kwenu. Takriri ipo, ukali wa mashine upo, na maneno yapo. Hakuna msikilizaji wa Brussels aliyekufa kwa kusikia Kiswahili.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya rafu hii ya albamu imegawanyika, na siwezi kuinyoosha. Kama kazi za muziki wa mashine wenye vitu vichache, Poaa na Singeli Ya Maajabu zinaweza kuwekwa karibu na Neu! na Hood bila kuomba upendeleo wowote, na kwangu mimi Poaa inawashinda wengi wa Berlin wanaojiita wachache wa vitu huku wakiwa na ghala la vifaa. Kama picha ya singeli ni nusu. Lebo ya Kampala ilifanya kazi ambayo hakuna lebo ya hapa iliyoifanya, na nusu ni bora kuliko sifuri. Hata hivyo kijitabu chenye maneno ya ma-MC, kwa Kiswahili kwanza na kisha lugha nyingine, kingegharimu karatasi chache. Sehemu ya kazi hiyo wala si ya lebo. Ni ya blogu kama hii.

Ukitaka kuanza, usianze na nilizozisifu zaidi. Anza na Uingizaji Hewa, pale MCZO anapokuwa maikini. Jina la albamu lenyewe ni lugha ya mafundi ujenzi, mambo ya madirisha na feni, na kwa jinsi biti inavyobana hewa sijui kama Duke alikuwa anatania au anatoa onyo. Mara ya kwanza isikilize ukiwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Mara ya pili fungua mlango. Mara ya tatu chukua kalamu, na mistari utakayoweza kuidaka niandikie hapa chini, kwa sababu kuna mmoja nimeurudia mara kumi na moja na bado ananiacha kwenye neno la nne.